Daphrose Alikwenda Kununua Sikio

Mwezi wa Desemba wanawake wa mtaa wetu wa Gikondo hawakuwa wakipanda mjini bila Daphrose. Wenye maduka walikuwa wamekwisha kubandika makaratasi mekundu yenye neno SOLDE, na kila karatasi iliapa kwamba bei imeanguka kwa ajili ya Noeli. Daphrose hakuziamini karatasi. Mwezi wa Novemba alikuwa amepita maduka yale yale peke yake, mikono mitupu, akitazama bei kabla hazijavaa nguo za sherehe. Kwa hiyo muuzaji akisema sufuria hii imeshushwa, Daphrose alimtazama usoni bila hasira.

"Baba, uliipandisha juzi ili uishushe leo. Irudishe pale nilipoiacha, ndipo tuanze mazungumzo."

Aligonga sufuria kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Alilowesha pembe ya kitenge kwa mate na kuisugua kiganjani, na rangi ikibaki kiganjani kitenge kilirudi rafuni. Aliwakataza wenzake kwenda dukani na njaa, kwa sababu, alisema, mwenye njaa hununua kwa tumbo hata akinunua viatu. Nimemwona akimnyang'anya mwanamke mzima pochi yake na kuificha kifuani mpaka walipotoka nje, na yule mwanamke akamshukuru.

Nasimulia haya ili ieleweke kwamba mtu aliyekosea mwaka ule wa 1993 hakuwa mgeni wa biashara.

Kazi yake ilikuwa kupika. Nyuma ya maghala ya forodha, pale malori kutoka Dar es Salaam na Mombasa yanapojipanga kungoja karatasi zao, alikuwa na kibanda cha mabati, masufuria mawili makubwa na benchi. Maharage, ndizi, siku nyingine sambaza, dagaa wa ziwa Kivu. Madereva walimpenda kwa sababu hakupunja mchuzi, na kwa sababu alizungumza nao Kiswahili, hiki chetu cha Kigali kinachochechemea.

"Mama, 'chakula iko tayari' ndiyo lugha gani?"

"Ndiyo lugha ya kusema kaa ule. Au wewe unashiba matamshi?"

Mume wake, Léonce, alikuwa akinyoosha bodi za magari katika gereji ya jirani. Binti yao, Christella, alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina Daphrose alipewa na padri alipobatizwa, akiwa tayari msichana mkubwa. Kabla ya hapo aliitwa Kaliza. Pale Gikondo hakuna aliyelijua jina hilo isipokuwa Léonce, naye hakulitumia, kwa sababu lilikuwa la mama yake Daphrose kumwitia.

Kwao kulikuwa Bugesera, ng'ambo ya mto Nyabarongo. Mwisho wa mwaka 1963, wakati wa sikukuu hizi hizi, alitumwa ng'ambo ya huku, kilima cha Gahanga, kumsaidia shangazi yake kazi za shamba. Akiwa huko, nyumba za kwao zilichomwa. Mama yake, Kanyange, alikimbia na wadogo zake kuelekea mashariki, akatembea mpaka akajikuta Karagwe, Tanzania. Mtoto wa miaka kumi alibaki Gahanga. Alikaa ukingoni mwa kilima akitazama moshi wa ng'ambo, akingoja mtu amwite. Moshi ulikwisha. Hakuna aliyeita.

Miaka thelathini baadaye alikuwa bado anaikumbuka mikono ya mama yake, harufu ya siagi kwenye nguo yake, na mwanya wa meno ya juu. Sauti ndiyo iliyomtoka. Hakujua ilimtoka lini. Akiwa mbele ya masufuria yake alijaribu kumwaza mama yake akisema neno lolote, hata neno chumvi tu, na ule mdomo wenye mwanya ulifunguka bila kutoa kitu. Wapo waliofiwa na mama zao wanaosikia sauti zao ndotoni. Yeye mama yake alikuwa hai, na ndotoni alikuwa bubu.

Basi mwezi wa Septemba, majuma machache baada ya mkataba wa Arusha, dereva mmoja wa Bukoba aitwaye Johnson alimaliza sahani yake, akafuta midomo, akasukuma mezani kitu kilichofungwa ndani ya soksi.

"Mama, kuna bibi mmoja Karagwe anawauliza madereva wote kama wanamjua Kaliza wa Gahanga. Nimeuliza mwaka mzima. Juzi huko Gahanga mzee mmoja ameniambia Kaliza ndiye wewe unayenipa maharage."

Ndani ya soksi mlikuwa na kaseti. Ilikuwa na sauti ya Kanyange.

Johnson alitaka kuipiga pale pale kwenye redio ya lori lake. "Panda tu kabini, mama, nikuwekee." Lakini katika uwanja wa forodha askari walikuwa wakizunguka kati ya malori, na mwanamke wa watu hapandi kabini ya dereva mchana kweupe bila Gikondo nzima kupata habari kabla hajateremka. Daphrose aliitia kaseti kifuani, akaenda nayo nyumbani.

Léonce alipoiona alirudi nyuma kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Itupe chooni."

"Ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Ndiyo maana nasema chooni. Ingekuwa ya mwanamuziki ningesema tucheze."

Msimcheke. Oktoba 1990, vita ilipoanza, watoto wa wakimbizi walipovuka mpaka na bunduki, Léonce alikamatwa na kulazwa katika uwanja wa mpira pamoja na maelfu ya wengine, kwa sababu kuna mtu alisema mke wake ana ndugu nje. Alirudi bila meno mawili ya mbele, na bila ile tabia yake ya kupiga mluzi akinyoosha bati. Sasa wakubwa walikuwa wametia sahihi amani huko Arusha, lakini amani ile ilikuwa bado haijafika kwenye vichochoro vyetu. Mtu kuwa na jamaa nje ya nchi ilikuwa bado ni kesi. Na mimi nauliza, nitaendelea kuuliza mpaka nijibiwe: ni nchi gani hii inayomlazimisha mtu aifiche sauti ya mama yake kama anayeficha bangi? Ni sheria gani iliyoandikwa kwamba neno "mwanangu" likivuka mpaka linakuwa silaha?

"Kwa jirani je, nikaazime mashine?" Daphrose aliuliza.

"Sauti haina mlango, Daphrose. Ikishatoka imetoka."

Wakabishana kwa kunong'ona siku kadhaa, Christella akijifanya amelala, mpaka wakafikia makubaliano. Kaseti itakaa chini ya gunia la maharage. Daphrose atanunua mashine yao wenyewe, ile yenye waya wa sikio, inayomsemesha mtu mmoja tu. Atasikiliza siku moja, peke yake, mlango umefungwa. Kisha itajulikana cha kuifanya ile kaseti.

Tangu siku hiyo kila faranga iliyobaki kibandani ilikuwa ya sikio. Christella alikuwa ameahidiwa viatu vya Noeli. Badala yake Daphrose alipeleka vile vya zamani kwa fundi, vikatiwa soli ya tairi.

"Mama, vinanuka gereji."

"Baba yako naye ananuka gereji, na tunaishi naye."

Mtoto hakucheka. Daphrose aliniambia baadaye kwamba jibu lile lilimuuma yeye kuliko mtoto.

Mwezi wa Novemba alipanda mjini kama kawaida yake, akaiona mashine katika duka moja la redio. Ilikuwa ndogo, nyeusi, na waya wake wa sikio umezungushwa juu kama mkia wa panya. Akashika bei yake kichwani. Lakini hapa, kwa mara ya kwanza, alikuwa akinunua kitu asichokijua. Sufuria unaigonga. Mashine unaigonga wapi? Ingekuwa kitu kingine chochote, angemchukua fundi wa umeme wa gereji aende naye. Sasa angemwambia nini? Kwamba anataka mashine isiyosikika na watu wengine? Katika Kigali ya siku zile, swali hilo lilikuwa linajijibu lenyewe. Kwa hiyo mwanamke aliyewashauri wote hakuwa na wa kumshauri.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Noeli alikwenda peke yake. Akawadanganya wenzake kwamba anaumwa mgongo.

Duka lilikuwa limejaa hadi barabarani. Muziki ulikuwa unapigwa. Ile mashine ndogo ilikuwa pale pale, bei ile ile, haina karatasi nyekundu. Kando yake lilikuwa limewekwa redio jingine la kaseti, kubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni, lenye spika mbili mviringo na taa ndogo za kijani zilizokuwa zikiruka na muziki. Lilikuwa na karatasi nyekundu kubwa. Bei yake ya Novemba Daphrose aliikumbuka: ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ndogo. Sasa zilikuwa sawa.

Akasimama. Hakuna aliyeipandisha juzi ili aishushe leo, yeye mwenyewe alikuwa shahidi. Hii ilikuwa solde ya kweli, ya kwanza kuiona maishani mwake.

Mwenye duka alimwona amesimama. "Mama, unatazama nini tena? Hii iko mzuri sana. Bei moja! Unaweza kupata ng'ombe, unataka kuku?"

"Ina mahali pa sikio?" aliuliza polepole, akiangalia pembeni.

"Nini?"

"Pa waya. Wa sikio."

"Ipo, ipo, nyuma huku, tazama." Akaligeuza, akamwonyesha tundu. Tundu lilikuwapo kweli. "Lakini spika mbili zote hizi, mama, sikio la nini? Unataka kujinyima?"

Watu nyuma yake walikuwa wanasukuma. Mwanamume mmoja alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kulishika lile sanduku. Ukutani kulikuwa na maandishi, na Daphrose aliyasoma, kwa sababu siku zote aliwafundisha wenzake kuyasoma: kitu cha solde hakirudishwi wala hakibadilishwi. Aliyasoma, akalipa.

Nimejiuliza mara nyingi kilimshika nini. Si tamaa, namjua. Nadhani ni kwamba miaka thelathini alinunua vya kutosha tu, vya kipimo, vya lazima, na siku hiyo moja dunia ilimwekea mbele kitu kikubwa kwa bei ya kidogo, akafikiri kwamba labda kwa ajili ya mama yake inafaa kiwe kikubwa. Wale wanaobandika karatasi nyekundu wanamjua mtu wa namna hiyo. Wanaujua wakati wake wa udhaifu, kwa sababu huo ndio wakati wanaoutia bei.

Alishuka Gikondo na mzigo kichwani, ameufunika kwa kitenge. Kitenge hakikutosha.

Nyumbani Léonce alilizunguka lile sanduku. Kisha akachukua waya wa sikio, ambao Daphrose alikuwa ameununua kando, akajaribu kuuingiza kwenye tundu la nyuma. Haukuingia. Akajaribu tena. Akainama, akalichungulia lile tundu kwa jicho moja, kwa umakini ule anaochungulia injini.

"Daphrose, hapa ni pa kuingizia umeme."

"Amesema ni pa sikio."

"Amesema." Akaliwekea betri, nane, zile kubwa. Léonce akatikisa kichwa kila alipoongeza moja, na kwa ile ya nane taa ya kijani ikawaka. "Hili ni ng'ombe kweli. Tutalilisha nini?"

Daphrose alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya mapaja. Alikuwa amekwenda kununua sikio, akarudi na mdomo. Aliichukua kaseti kutoka chini ya gunia, akaitia ndani ya mashine na kufunga kile kimlango, bila kubonyeza kitu. Alitaka tu kujua kama inaingia. Iliingia vizuri, kama iliyotengenezwa pamoja nayo.

Hapo mlango ukagongwa.

Kwetu Kigali kitu kipya hakiingii nyumbani kimyakimya. Lazima kiloweshwe. Aliyenunua baiskeli, godoro, redio, majirani wanakuja na yeye anatoa cha kunywa, wanakitazama kitu, wanakisifu, na kwa kufanya hivyo wanakubali kwamba ni chake. Kuwafungia mlango ni kusema kwamba umeiba au una siri. Illuminée, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameliona lile sanduku tangu liliposhuka barabarani.

"Mgongo wako umepona, Mama Christella? Kumbe dawa ilikuwa kubeba redio!"

Nyuma yake alikuja bibi Nahimana, mkimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972, muuza pombe ya ndizi, na mtungi wake mkononi. Nami nilikuja, nikakaa kwenye benchi karibu na mlango. Na wa mwisho, akisafisha viatu vyake kizingitini, aliingia Eustache, nyumbakumi wetu, yaani mtu wa serikali wa nyumba zetu, ambaye kazi yake ilikuwa kujua kila kinachoingia mtaani. Alikuwa mzee mkimya. Mwanawe Valens aliingia jeshini mwanzo wa vita, akapelekwa kaskazini, na kwa muda mrefu hakukuwa na habari yake. Eustache hakumtaja kamwe, lakini kila lori la jeshi likipita, alisimama.

Chupa zikafunguliwa. Léonce alikuwa amekaa kati ya sanduku na wageni kama mlinzi. Daphrose alisema mashine bado haijapata betri. Illuminée alicheka.

"Haina betri, na taa ya kijani inawaka?" Akampita Léonce, akabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote.

Kwanza tulisikia upepo, na kuku. Kisha kikohozi cha mtu mzima. Kisha, kutoka spika zote mbili, kwa Kinyarwanda cha watu wa Bugesera wa zamani, sauti ya mwanamke mzee ikaita kama anayeita kutoka ng'ambo ya ua:

"Kaliza!"

Ikanyamaza.

Mzee wa watu hakujua kaseti ni nini. Alikuwa anazungumza, na anayezungumza humpa mwenzake nafasi ya kujibu. Aliita, akangoja. Mashine ilikuwa inazunguka, kuku wa Karagwe wanalia, na ile nafasi ikawa wazi katikati ya chumba. Léonce alinyanyuka, akaangusha chupa.

"Kaliza wee!"

"Karame!" alisema Daphrose.

Huko kwenu mtoto akiitwa na mama yake huitika abee. Huku kwetu, mtoto aliyelelewa vizuri huitika karame, na humtoka kabla hajafikiri. Lilimtoka Daphrose kwa sauti ya mtoto wa miaka kumi, amesimama wima, machozi yanashuka. Nadhani hakujua kwamba sisi tupo.

"Umeamka salama?" ikauliza sauti. Ikangoja.

Eustache aliweka glasi yake sakafuni.

"Hii ni stesheni gani?"

Léonce alifungua mdomo, nikaliona lile pengo la meno yake. Aliyejibu ni bibi Nahimana, akimimina pombe kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Ni mchezo wa redio, nyumbakumi. Wa kwetu Burundi. Huuweka Jumamosi."

"Burundi inaungua, na bado wana nafasi ya michezo?"

"Wanaoungua ndio wanaotaka mchezo zaidi."

"Na huyu?" Akamwelekezea Daphrose kidevu. "Huyu anaitika kwa nani?"

Illuminée, ambaye mdomo wake ulikuwa umetuchongea sote wakati mmoja au mwingine, alikuwa bado ameweka mkono wake kwenye kitufe. Alimtazama Daphrose. Akautoa mkono polepole.

"Aa, nyumbakumi, mbona wewe kwenye mpira unamfokea golikipa wa redio? Amewahi kukusikia?"

Sauti ikaendelea bila kutungoja. Ilisema miguu inauma, lakini mdomo ni mzima. Ilisema wale uliowaacha wadogo sasa wana watoto. Ilisema, hapa nakaa nikitazama jua linakozama, kwa sababu huko ndiko nyumbani. Wanasema wakubwa wanataka kutia sahihi, wanasema tutarudi, mimi siulizi tena lini. Kisha ikasema:

"Jioni mtu akisukuma mlango wa ua, moyo wangu bado unasimama. Nasema, huenda ni huyo. Ni mbuzi."

Eustache alivua kofia yake. Aliiweka juu ya goti.

"Ongezeni," alisema. "Sikio langu hili halisikii vizuri."

Daphrose mwenyewe ndiye aliyeongeza. Tukausikiliza mchezo hadi mwisho. Kila sauti iliponyamaza kungoja, nilimwona Daphrose akijibu kwa midomo, bila sauti, ndiyo mama, mzima mama, mmoja tu mama, anaitwa Christella. Christella alikuwa amekaa miguuni pake, kichwa kimeegemea spika. Mwishoni kabisa Kanyange alisema: "Usinitumie habari, habari ninazo. Nitumie nyumbani kunavyosikika." Kisha kitufe kikaruka chenyewe, tap.

Eustache alisimama, akavaa kofia.

"Huyo binti wa kwenye mchezo," alisema bila kumtazama mtu. "Atamjibu?"

"Hajapata njia bado, baba," alisema Daphrose.

"Waambie wenye mchezo wasimcheleweshe." Akafika mlangoni, akageuka. "Na wewe, Daphrose. Siku nyingine ukienda kwenye solde, nunua kitu kidogo."

Akatoka. Wengine walimfuata kabla jua halijazama, kila mmoja akimsifia Daphrose redio yake, kama desturi inavyotaka. Hakukutokea kitu baada ya hapo. Hakuna aliyekuja kuuliza. Mimi bado nalishangaa hilo, na bado nakasirika kwamba lilistahili kushangaza: kwamba majirani wanne walikaa chumba kimoja wakasikia mama akimwita mwanawe, na hakuna aliyekwenda kumshtaki.

Léonce ndiye aliyegundua kitufe chekundu. Alikuwa analifuta sanduku vumbi asubuhi, akipiga mluzi bila kujijua.

"Kumbe linanasa sauti pia. Ile ndogo ingeweza?"

"Ile ndogo isingeweza," alisema Daphrose. "Lakini usinitetee. Sikukijua kitufe hicho nilipolipa. Nilidanganywa, basi."

Hakuwahi kusema vingine. Wanawake walipomwuliza kuhusu redio yake kubwa, aliwaambia wazi: msinunue kitu kwa sababu ya bei yake, nunueni kwa sababu ya kazi yake, mimi nimekosea na betri zinanila.

Jumapili ya kwanza baada ya Noeli, aliliweka lile sanduku kichwani, akaenda nalo Gahanga, Christella kando yake na viatu vyake vya soli ya tairi. Nilikwenda nao kuwapokea mzigo. Alipita nyumba ya marehemu shangazi yake, akafika ukingoni mwa kilima, pale pale, akaketi. Chini Nyabarongo ilikuwa imejaa maji ya matope ya mvua. Ng'ambo kulikuwa Bugesera, kijani, kimya, kana kwamba hakukuwahi kuwa na moshi.

Akatia kaseti mpya, akabonyeza kitufe chekundu, akaiacha Gahanga iseme. Kengele ya kanisa. Mtu anapasua kuni. Wanawake wanasalimiana njiani, salamu zile ndefu. Mtoto anamfokea mbuzi. Upepo kwenye majani ya migomba. Johnson angepita mwezi wa Januari kuipeleka Karagwe. Mpaka hapo kulikuwa na muda.

"Mama, mbona husemi?" Christella alinong'ona. "Betri zinakwisha."

Daphrose alisogeza uso karibu na spika, ingawa si huko sauti inakoingia. Akakumbuka, akajirudi, akanyoosha mgongo. Akatazama upande wa mashariki.

"Karame!" aliita, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mpaka waliokuwa njiani wakageuka kutazama.

Kisha akanyamaza, kumpa mama yake nafasi. Magurudumu madogo ya kaseti yakaendelea kuzunguka.